Mlango wa Kuume

Juzi nilimpeleka binti yangu saluni, hapa Mbarara, asukwe kabla shule hazijafunguliwa. Msusi, msichana mwenye kucha ndefu na maneno mengi, akanionyesha picha zilizobandikwa ukutani. "Nyabo, chagua. Hii ya matawi ndiyo watu wanataka sana." Nikaitazama hiyo picha mpaka mtoto akanivuta sketi.

Ngoja nikueleze msuko wenyewe. Mstari mmoja mnene unaanzia katikati ya paji la uso. Ukifika utosini unagawanyika miwili. Kila mmoja unagawanyika tena, inakuwa minne, halafu minane, halafu kumi na sita kule kisogoni, kila mstari mwembamba kuliko ule uliouzaa. Ukilitazama tawi moja peke yake, unakiona kichwa kizima humo, ila kidogo. Nyanya alimsuka mama hivyo kule milimani, Kivu Kusini, na mama akatusuka sisi, mimi na dada yangu. Lakini nyumbani kwetu kulikuwa na jambo moja zaidi. Kila kichwa kiliachiwa tawi moja lisilogawanywa kule mwisho, likabaki nene na pweke. Kwa mtoto wa kwanza tawi hilo lilikuwa upande wa kuume, kwa anayemfuata upande wa kushoto, ili mkikaa bega kwa bega yaelekeane. Mama aliliita mlango.

Vita ilipofika kwetu, mwaka wa tisini na sita, mimi nilikuwa na miaka sita na dada alikuwa na kumi na miwili. Mama alitusuka mchana huohuo wa kuondoka, haraka, bila mafuta, akivuta mpaka machozi yakanitoka. Njiani dada alitembea mbele na mimi nikafuata kisogo chake. Nilichokiona safari nzima ni hicho tu: mistari, vumbi, na mlango wake upande wa kuume. Kwenye kivuko kimoja milio ya risasi ikaanza, watu wakakimbia ovyo, mama akanidaka mkono. Dada hatukumwona tena.

Uganda tulipewa kiwanja Rubondo, ndani ya kambi ya Nakivale. Usidhani utoto wangu ulikuwa kilio kitupu. Jumamosi nilikaa chini katikati ya magoti ya mama, sombe ya majani ya muhogo inachemka jikoni, kwaya ya kanisa la jirani inafanya mazoezi, na mpini wa kisima unalia kwi, kwi, bila kupumzika. Mama alichovya mkia wa kitana kwenye mafuta ya mawese na kuchora njia kichwani mwangu. Nikitikisika, napigwa kwa kitana begani. "Tulia bien! Ukienda na kichwa ya ovyo, dada yako atakujua namna gani?"

Maana tumaini hilo ndilo lililomweka mama hai. Dada alikuwa tayari anajua kusuka; mimi mwenyewe alinisuka mara nyingi. Kwa hiyo mama alisema, "Fasi yote atakuwa, atajisuka vile nilimufundisha. Tutamuona." Kisimani hakutazama nyuso za wasichana, alizunguka nyuma yao. Kanisani alikaa benchi la mwisho kila Jumapili ili avione visogo vyote. Mchungaji alidhani ni unyenyekevu, masikini, akawa anamwita aje mbele. Mama hakwenda.

Jirani yetu, mama mmoja mwenye moyo mwema na ulimi usio na breki, alimwambia waziwazi: "Mama, mulilie mutoto wako. Nyoa kichwa, uweke matanga, roho ipumuzike." Kwetu mfiwa hunyoa. Mama akamjibu, "Ntanyoa namna gani na sikumuzika?" Wakanuniana kwa muda mrefu.

Shuleni mwalimu wetu wa hesabu, Mkongo mwenzetu, siku moja alinisimamisha mbele ya darasa na kunigeuza nikaelekea ubaoni. Alichora kichwa changu kwa chaki. Moja, mbili, nne, nane, kumi na sita! Darasa likaimba pamoja naye. "Na mukiendelea vile," akasema, "nywele itaisha, hesabu haitaisha." Halafu akahesabu mistari ya kisogoni, akapata kumi na tano. "Aa, hapa mama yako alikosea." Wenzangu wakacheka, wakanibandika jina la Kichwa ya Hesabu, na jina likaganda mpaka namaliza shule. Nilipomweleza mama, hakucheka. "Ambia mwalimu sikukosea. Hiyo ni fasi ya kuingilia."

Halafu ukaja mwaka ambao mvua iligoma, mahindi ya msaada yakapunguzwa, na mimi nikaumwa malaria mfululizo mpaka miguu ikawa fito. Mama alikuwa akipeleka maharagwe Mbarara, na mimi nikipona kidogo nafuatana naye. Karibu na kambi ya jeshi mke wa askari mmoja alinizunguka kama anayenunua mbuzi. "Mama, mimi nataka hiyo ya mtoto. Sitaki ingine." Mama akakataa. Wiki iliyofuata akakataa tena. Mara ya tatu nilikuwa natetemeka kwa homa pembeni ya gunia, na mama akakubali. Alimsuka kumi na sita kamili, hakumwekea mlango. Njiani kurudi akaniambia, "Nimebapa matawi. Mlango nimebakiza."

Wake za askari wakamiminika, na mwenye saluni moja akamwita mama awe anakuja Jumamosi. Mimi nikawa sampuli. Nilikaa kwenye kiti, kisogo kikielekea kioo, wateja wanaingia, wananitazama, wanaagiza. Palikuwa na msichana anayejifunza kazi, Mkongo, mwembamba, umri kama wa dada. Mama alimpenda, akawa anamletea muhogo. Baadaye yule msichana akaacha kazi pale na hatukujua alikoelekea.

Siku ninayotaka kukwambia tulikuwa sokoni. Mama alisimama ghafla, gunia likamponyoka na maharagwe yakamwagika matopeni. Mbele yetu alikuwa anatembea msichana amesukwa matawi, na mlango wake ulikuwa upande wa kuume. Jamani, mama alikimbia! Aliita jina la dada kwa sauti ambayo sijapata kuisikia tena kwa mtu. Msichana akageuka. Hakuwa yeye. Mama akamshika mabega yote mawili: "Nani alikusuka? Iko wapi?" Yule msichana, ameogopa, akasema ni dada mmoja Mkongo, mwembamba, anasukia barazani karibu na hospitali.

Tulikwenda karibu mbio. Mama alikuwa anacheka na kulia pamoja, anajipangusa uso kwa kitenge, ananiambia nitembee vizuri, ninyooshe gauni, dada asinikute mchafu. Na mimi niliamini, kwa nini nisiamini?

Barazani alikuwa yule msichana wa saluni. Alituona, akaruka kwa furaha. "Mama! Umekuja kuona kazi yako?"

Mama akakaa kwenye ngazi. Akauliza kwa nini ile fasi ameiweka kuume. Msichana akashangaa. "Si ndiyo iko kuume? Mutoto alikuwa anakaa, nilikuwa namuangalia mu kioo." Kumbe kioo kiliugeuza mlango wangu wa kushoto. Halafu, kwa fahari, "Nimesuka batu mingi, mama. Hata banafunzi bangu basuka vile. Inapendwa!"

Mama hakumgombeza. Alimshika kichwa kwa upole, akasema kazi yake ni nzuri, tukaondoka.

Asubuhi yake alinikalisha nje, kwenye kigoda. Nilidhani atanisuka upya. Akafumua mstari mmoja mmoja, kuanzia kisogoni mpaka kwenye paji la uso, akanipaka sabuni, akaninyoa kwa wembe. Kisha akanipa mimi wembe na kuinamisha kichwa chake. Nikamkata juu ya sikio, naye akazidi kuinama. Nilipomaliza akasema, "Nilikuwa na alama moja tu. Sasa hata akipita hapa, sitamujua. Tumulilie dada yako." Jirani alituona akiwa uani kwake. Akaacha mchi, akaja na mkeka wake, akakaa chini pamoja nasi, na mama akalia mpaka sauti ikamkauka.

Mama tulimzika Rubondo. Kile kisima kimekufa, kanisa limehama, na kati ya wale waliojua kwa nini mlango unawekwa nimebaki mimi peke yangu.

"Nyabo, hii ya matawi basi?" msusi aliniuliza tena. "Na hii njia nene, kuume au kushoto?"

"Kuume," nikasema. "Huyu ni mtoto wangu wa kwanza."

Tukatoka, binti yangu akatangulia anaruka, na mimi nikafuata kisogo chake. Barabarani wakapita wasichana wawili, kisha mwanamke mmoja wa makamo, wote wamesukwa hivyohivyo. Kwa yule wa makamo niliongeza mwendo nimwone usoni. Nilimwona. Nikakumbuka kwamba uso wa dada nimeusahau zamani sana. Nilichobaki nacho ni kisogo tu.