Honi na Makasia

Nikisema nilipiga makasia Kericho, watu hunicheka. Huniuliza ni ziwa gani hilo, au nilikuwa nikipiga makasia juu ya majani ya chai. Wacha wacheke. Kericho haina ziwa, lakini shamba la chai nilikozaliwa lilikuwa na bwawa, na bwawani mlikuwa na mashua, na mimi nikiwa msichana ambaye hata kifua hakijajaa nilikaa ndani ya mashua hiyo nikaivuta mpaka viganja vikachubuka. Anayetaka kuamini aamini.

Bwawa lilichimbwa kwa ajili ya kiwanda, maji yake yazungushe mashine. Wazungu wa shamba wakaona pia ni mahali pazuri pa kustarehe, wakaleta mashua, na kila mwaka wakawa wanashindana na wenzao wa shamba la ng'ambo ya mto. Kisha, katika miaka ile ya hamsini, akaja meneja mpya na mke wake. Huyo mke, ambaye sote tulimwita Memsaab, alikuwa amepiga makasia shuleni kwao Uingereza. Hakuwa na watoto wala kazi, na jioni za Kericho ni ndefu kwa mtu asiye na kazi. Siku moja alisimama kando ya shamba akatutazama tukichuma, halafu akaninyoshea kidole mimi na wasichana watatu waliokuwa karibu nami.

"Wewe, na wewe, na ile mbili," alisema kwa Kiswahili chake. "Kuja bwawa jioni. Mimi nataka mikono kama hii."

Alijua alichokitaka. Alikuwa amewajaribu vijana wa bustani yake na mashua ikawa inakwenda upande, kwa sababu kila mmoja alikuwa na makasia mawili na mkono wake wa kulia ukiushinda wa kushoto. Mchumaji chai hana mkono wa kushoto wala wa kulia. Ana mikono miwili. Yote miwili inajua majani mawili na chipukizi, yote miwili inarusha nyuma kikapuni bila macho kuangalia. Tulipokaa mashuani mara ya kwanza tuliogopa maji kama paka, lakini mashua ilinyooka. Memsaab alikaa nyuma akishika usukani, mimi nikakaa mbele yake uso kwa uso, na kazi yangu ikawa kuwaitia wenzangu walio nyuma ya mgongo wangu: vuta, vuta, vuta.

Sasa nieleze siku yetu ilivyokuwa, maana bila hiyo hutaelewa lolote. Shule ya shamba ilikuwa ya mchana. Asubuhi ilikuwa mali ya chai. Kulipopambazuka tuliingia kwenye mistari pamoja na mama zetu, umande ukitulowesha mpaka kiunoni, tukachuma hadi adhuhuri. Ndipo honi ya kiwanda ilipolia. Ikilia hiyo, mkono ulioko hewani hushuka mtupu. Si uvivu. Lori lilikuwa likingoja kwenye mzani, na majani yakikaa kikapuni hupata joto yakaharibika, kwa hiyo nyapara hakuwa na mchezo: jani lililochumwa baada ya honi alilimwaga chini akalikanyaga. Na aliyeacha mstari kabla ya honi alikosa malipo ya siku nzima. Mtoto wa laini, yaani zile nyumba za wafanyakazi, aliijua sheria hiyo kabla hajajua kufunga kifungo.

Mama yangu aliishika kuliko wote. "Kabla ya honi mkono haishuki," alikuwa akiniambia, "na baada ya honi haipandi." Watu wa laini walimtania kwamba hata mimi nilizaliwa alasiri kwa sababu asubuhi alikuwa bado kwenye mstari. Hakukataa.

Baada ya mzani tulikimbia shuleni, na baada ya shule, mvua ikikubali, tulikimbia bwawani. Mwaka huo ulikuwa mwaka wetu wa mtihani wa kuingia shule ya wasichana ya bweni. Mlango ulikuwa huo mmoja. Ukiupita unakwenda kuwa mwalimu au muuguzi. Ukiukosa, kikapu kinakungoja, na baada ya kikapu ni kikapu. Mimi niliutaka mlango huo kwa hasira. Nilikuwa nimeutazama mgongo wa mama yangu kwa muda wa kutosha.

Mwalimu mkuu wetu alikuwa mtu wa upande wa Litein, kwenye misheni, Mkristo safi, kola yake nyeupe hata katika matope. Ndiye aliyeamua nani aufanye mtihani na nani asiufanye. Habari za mashua zilipomfikia alinisimamisha mbele ya darasa.

"Msichana anakaa miguu wazi mbele ya Wazungu na kuvuta miti," alisema. "Haya ndiyo masomo? Mshika mbili moja humponyoka. Chagua: kasia au kitabu."

"Mwalimu," nikajibu, "chai hushikwa kwa mbili."

Darasa lilicheka, nami nikapata viboko vya kicheko hicho. Lakini sikulia na sikuchagua. Kama angenipiga mpaka jioni ningemwambia lile lile, kwa sababu lilikuwa kweli. Nani aliwahi kujaza kikapu kwa mkono mmoja ili ule mwingine upumzike na heshima zake?

Nadhani aliliona hilo machoni mwangu. Akaweka kiboko mezani. "Vizuri. Kila siku nitakuuliza hesabu za kichwa, hapa, umesimama, wenzako wakisikia. Siku utakayokosa, mtihani hutauona. Mashua itakuwa imekula jina lako."

Basi nikazipeleka hesabu bwawani. Badala ya kuita vuta, vuta, nikaanza kuita saba mara sita, na wenzangu wakivuta wanajibu, arubaini na mbili! Nane mara tisa, sabini na mbili! Tulikwenda na kurudi juu ya yale maji meusi tukipiga kelele za hesabu, ndege wakiruka kwenye matete, Memsaab akiwa amekunja uso nyuma. "Hapana soma hapa," alinigombeza. "Hapa vuta tu!" Sikumsikiliza. Baada ya muda nilimwona midomo yake inacheza: na yeye alikuwa akizihesabu.

Usidhani alikuwa malaika. Alituita wasichana wake, kama alivyowaita mbwa wake mbwa wake. Siku za mashindano zilipokaribia aliona nimechoka, naye hakufikiri kwamba dawa ni kunipunguzia chai. Alifikiri dawa ni kunitoa shuleni.

"Wacha shule," aliniambia. "Kuja kaa nyumba yangu. Wewe saidia mpishi kidogo, kula vizuri, vuta kila siku. Soma ya nini? Wewe iko na mikono."

Nilimjibu kwamba nina kichwa pia. Alicheka, akidhani ni utani.

Nyumbani mama alipopata habari hakucheka. Alikuwa akipuliza moto, moshi umemjaa machoni. "Lakwet," alisema, neno letu la kumwita mtoto, "kwa Memsaab kuna nyama. Kuna blanketi. Huko shule kuna nini?"

"Kuna mimi," nilisema. Sijui lilitoka wapi neno hilo, lakini lilipotoka nikaona ndilo nililokuwa nikilitafuta. Mama aliendelea kupuliza moto. Usiku huo alinipa kipande kikubwa cha ugali na mursik, yale maziwa yetu ya kibuyu, mpaka nikashindwa kumaliza.

Mashindano yalikuwa Jumamosi, adhuhuri ikikaribia. Siku hiyo wachumaji wote tuliruhusiwa kuacha chai, lakini kiwanda hakikuacha kazi. Wazungu walikaa kwenye viti chini ya miavuli, wapishi wakizunguka na sinia, na nyuma yao ukingo wote ulijaa watu wa laini, wake kwa waume. Mashua ya shamba la ng'ambo ilivutwa na wasichana kama sisi, viganja kama vyetu, waliolelewa na honi kama yetu, na bibi yao naye ameshika usukani. Mtu akapunga kitambaa tukaanza.

Tulivuta vizuri. Niliwaita kwa nyimbo za saba na nane, mashua ikapasua maji, tukawa sambamba na wale wengine, makasia yetu karibu yagusane. Nusu ya bwawa tukawa tumewapita kidogo. Ndipo honi ya kiwanda ilipolia.

Mikono yetu ilishuka. Sote wanne, papo hapo, kama kamba iliyokatwa. Makasia yakabaki majini yakiburuta, mashua ikapungua mwendo, ikaanza kugeuka taratibu. Nikatazama pembeni, nikaona kitu ambacho nimekicheka maisha yangu yote na siku ile hakikunichekesha hata kidogo: wale wasichana wa ng'ambo nao walikuwa wameketi kimya, mikono mapajani, wanangoja. Wanangoja nini? Kupimwa! Mashua mbili zinaelea katikati ya bwawa, bibi wawili wa Kizungu wanapiga kelele kwa Kiingereza hadi kofia zinawaanguka, na sisi wanane tumekaa watulivu kabisa kwa sababu kazi imekwisha.

Ukingoni Wazungu walivunjika mbavu kwa kicheko. Niliwaona vizuri, maana anayepiga makasia hukaa akitazama alikotoka. Mmoja alikuwa anajipangusa machozi. Watu wetu nyuma yao hawakucheka. Mama yangu alikuwa amesimama pale, na mikono yake yeye pia ilikuwa imeshuka.

Nilikasirika. Sikuwakasirikia wenzangu. Niliikasirikia ile honi, iliyoingia mikononi mwangu nikiwa mdogo bila kubisha hodi ikajifanya mwenye nyumba. Nani aliiambia ifike mpaka huku? Ilikuwa imekwisha kulia na mwangwi wake bado uko kwenye vilima. Nikapiga kelele ambayo sijui kama nimewahi kupiga nyingine kama hiyo:

"Vuta!"

Msichana aliyekuwa nyuma yangu akaruka kama ameamshwa, akavuta, na wengine wakafuata. Wale wa ng'ambo walipozinduka tulikuwa tumeshafika. Kikombe cha fedha alipewa Memsaab, akakiweka nyumbani kwake. Sisi tulipewa mkate wenye sukari. Niliula wote, lakini sikusema asante.

Jumatatu mwalimu mkuu aliniuliza hesabu kama kawaida, nami sikukosa. Sikukosa siku hiyo wala nyingine, na jina langu likabaki.

Mtihani ulikuwa wa asubuhi. Kwa sisi watoto wa shamba hilo lenyewe lilikuwa jambo geni, maana hatukuwahi kukaa darasani kabla ya adhuhuri. Mwalimu mkuu alisimamia yeye mwenyewe, akitembea katikati ya madawati na kiboko kikiwa nyuma ya mgongo. Alitwambia kwamba atakayefungua mdomo atatoka nje na hatarudi. Hesabu zilikuwa ngumu. Nilizifanya nikiwa ninayumba kidogo mbele na nyuma kama niko mashuani, naye alinitazama kwa jicho la kuuliza kama naumwa.

Tulikuwa bado mbali na mwisho wa karatasi honi ilipolia.

Nilisikia kalamu zikilala mezani. Moja, halafu nyingine, halafu nyingi pamoja. Mkono wangu huu ulibaki juu, na kalamu yake. Niligeuza kichwa nikawaona wenzangu wa mashua na wengine wote, mikono mapajani, nyuso tulivu. Walikuwa wanangoja mzani. Na mwalimu mkuu, mtoto wa mchungaji wa kanisa, ambaye hakuwahi kubeba kikapu, hakuelewa. Alidhani wamemaliza. Alikuwa ameshaanza kunyosha mkono akusanye karatasi ya dawati la kwanza.

Nilijua ninachokihatarisha. Nilijua mlango ni ule mmoja. Lakini ningeingiaje peke yangu, niwaache wameketi vile?

"Vuta!"

Darasa zima likashtuka. Mwalimu mkuu aligeuka. "Nani amesema?"

Nikasimama. "Ni mimi, mwalimu. Hawajamaliza. Ni honi."

Kalamu zilikuwa zimeshaokotwa. Zilikuwa zinakwaruza karatasi kwa nguvu, kila kichwa kimeinama. Mwalimu aliyatazama madawati, akatazama dirishani kwenye vilima vya chai ambako mama zetu walikuwa wakibeba vikapu kwenda mzanini, na nilimwona anaelewa. Kiboko hakikutoka mgongoni.

"Kaa chini," alisema. "Unapoteza wakati wako."

Nilikaa nikaendelea.

Shule ya bweni ilinichukua, mimi na msichana aliyekaa nyuma yangu mashuani. Memsaab alinuna, kisha akatafuta wengine. Lori la kutupeleka Kericho mjini lilikuja siku ya kazi, asubuhi, likasimama barabarani chini ya shamba. Nilikuwa nimemuaga mama alfajiri, kwa sababu sote tulijua atakuwa kwenye mstari na mkono haushuki kabla ya honi. Nilipanda na kisanduku changu. Dereva akawasha injini.

Ndipo nikasikia nyapara akifoka, nikatazama juu. Mama alikuwa anateremka kati ya michai, kikapu kimebaki nyuma yake katikati ya mstari, mikono mitupu. Nyapara alimwita kwa jina lake. Akamwita tena. Mama hakugeuka. Alikuja mpaka kwenye lori akaushika mkono wangu kwa mikono yake yote miwili, na honi ilikuwa haijalia.