Ushindi Waliouita Bahati

Saluni ya Mama kule Berea, mtaa wa ugenini tulikohamia kutoka Lubumbashi, ilinuka nywele za bandia zilizochovywa katika maji ya moto. Mwaka ule wa 2016, nikiwa na miaka kumi na mmoja, harufu hiyo ilichanganyika na ya dawa ya kuchua misuli, kwa maana Yaya Fiston, kaka yangu mkubwa, alikuwa beki wa timu ya chuo chake cha ufundi. Chuo hakikuwa na uwanja. Vijana walifanya mazoezi kwenye maegesho ya magari huko mtaa wa Bertrams, wakianguka juu ya lami, na jioni Mama alimkanda magoti huku akilalamika kwa Kiswahili cha Lubumbashi. Hata hivyo walifika fainali, dhidi ya chuo kikubwa chenye nyasi zake, basi lake na daktari wake.

Goli letu lilipatikana mapema, kwa kichwa, kutokana na kona. Baada ya hapo ilikuwa kuzuia tu. Yaya na mabeki wenzake waliruka, wakateleza, wakaziba mipira kwa kifua na paja. Mshambuliaji wa wapinzani, ambaye nusu ya uwanja ilikuja kumtazama, Yaya hakumwachia nafasi hata ya kugeuka. Mtangazaji alirudia kwenye vipaza sauti kwamba tuna bahati. Filimbi ikalia: moja bila. Tulikuwa bado tunakumbatiana lilipotajwa jina la mchezaji bora wa fainali: yule yule mshambuliaji.

Mama alishuka jukwaani akinivuta mkono mpaka kwa mtangazaji.

"Muulize," aliniamuru, "ule kijana alifunga magoli ngapi leo?"

Nikatafsiri kwa Kiingereza. Yule bwana akacheka, akasema watu huja kuona mpira, si kuona wazibaji njia.

"Basi hawa wenye kuziba njia ndio wameshinda!" Mama alifoka, na hilo nililitafsiri kwa kelele.

Yaya akaja, jezi imechanika begani. "Mama, tuende. Kombe iko kwetu."

Siku hizi Yaya hutengeneza lifti za magorofa ya mjini, na hunicheka nikianza habari hii. "Acha, ulikuwa mpira tu," husema. Lakini nawasikia wachambuzi kwenye televisheni wakiisifu timu kubwa iliyolinda goli moja mpaka mwisho. Wanaita akili, wanaita nidhamu. Yetu iliitwa bahati. Siachi.