Treni Iliyopita na Baba

Juzi jirani yetu alinionyesha kwenye simu kituo kidogo cha treni huko Japani. Hakina mfanyakazi hata mmoja, lakini treni husimama hata kwa abiria mmoja. Niliitazama sana ile picha.

Kituo cha kijijini kwetu, njia ya kwenda Tabora, nacho kilikuwa kimebaki bila mtu. Mchana ule wa utoto wangu, tulipokwenda kumpokea baba akirudi kutoka safari, kilinuka mavi ya mbuzi na mafuta yaliyomwagikia mawe. Bibi mzaa baba alikuwa mgonjwa sana, lakini alitaka yeye mwenyewe ampokee mwanawe. Tulimleta kwa baiskeli, mama akimshika kiuno. Kila mara bibi alikuwa akirekebisha kilemba chake.

"Mama, ukijipamba hivyo treni itakuchukua wewe," mama alimtania.

"Ikinichukua utalia wewe," bibi alijibu.

Reli zikaanza kulia. Treni ikaja, ikapiga honi, ikapita. Baba alisimama mlangoni na begi lake, akitikisa mkono na kupiga kelele nisizozisikia. Nilidhani ametuona akabadili mawazo. Nilikimbia kando ya reli nikimwita mpaka pumzi zikaniishia.

Sasa najua. Tangu mkuu wa kituo aondolewe, treni ile haikusimama tena pale, na hakuna aliyetuambia.

Niliporudi, bibi alikuwa bado anatazama reli.

"Amekonda mwanangu," alisema.

Baba alifika kesho yake kwa miguu, akitokea kituo cha mbele, akakuta watu wa msiba wamejaa uani. Aliweka begi lake chini, mlangoni kwa bibi.