Vitambaa Vinane vya Tihomir

Wifi yangu Stamenka si mgonjwa wa kuhurumiwa, ni mgonjwa wa kufungiwa kabatini. Mimi ndiye niliyekuwa nikimpeleka kwa gari, kwa hiyo nasema niliyoyaona.

Tangu Krismasi vidole vyake vitatu vya mkono wa kulia vilikuwa na ganzi. Daktari akasema mshipa wa fahamu umebanwa kwenye kifundo cha mkono. Akampa siku kumi za mazoezi kwa Tihomir, mtaalamu wa viungo hapa mjini kwetu Pirot. Zisiposaidia, kisu. Stamenka anaogopa kisu kuliko anavyomwogopa Mungu, na huyo ni mtu ambaye Kwaresima hali hata jibini.

Tihomir, kijana mpole mwenye masikio makubwa, alimnyoosha vidole kimoja kimoja, kisha akamvisha banzi la kulalia, la kuzuia kifundo kisipinde. "Usiku usilivue, shangazi. Mkono upumzike."

"Utapumzika, mwanangu."

Siku ya pili Stamenka akamletea kitambaa cha kufuma, cheupe, cha duara. Kwetu huendi kwa anayekutibu mikono mitupu. Siku ya tatu, kingine. Kufikia siku ya tisa redio ya Tihomir ilikuwa na kitambaa, mizani ina kitambaa, hata mashine ya umeme ina kitambaa, na vidole vya Stamenka vina ganzi ileile.

"Mbona hatusogei?" Tihomir akauliza. Akakishika cha nane, akakigeuza. "Shangazi, hivi ulikuwa navyo nyumbani?"

"Nikuletee vya zamani, kwani wewe maskini? Kila usiku nafuma kipya."

"Na banzi?"

"Nalivua. Utafumaje na banzi?"

Tihomir akakaa chini. Mimi nilitamani ardhi inimeze.

"Shangazi, mimi najenga mchana, wewe unabomoa usiku. Tunaanza upya, siku kumi, mara mbili kwa wiki. Na sindano ya kufumia usiiguse mpaka Pasaka ipite. Ukinikaidi, mimi mwenyewe nakupeleka kwa wenye kisu."

Wiki tano alikwenda mikono mitupu, ameinamisha kichwa, utadhani anapelekwa mahakamani. Nikamnunulia pakiti ya kahawa ampelekee. Akanirudishia. "Kahawa ya dukani anapelekewa karani wa ofisini, si anayekutibu!"

Siku ya mwisho Tihomir akamwambia afumbe macho, akamwekea kitu kidogo kati ya vidole. Stamenka akapapasa, midomo ikimchezacheza.

"Haragwe," akasema. Akapapasa tena. "Tena lina tundu la mdudu."

Kweli lilikuwa na tundu. Tihomir akaandika kwenye faili: upasuaji hauhitajiki.

Tulipofika kwenye gari, Stamenka akaangua kilio.

"We mama, umepona! Unalia nini tena?"

"Vile vinane nilimpa wakati hajanifanyia kitu," akasema. "Leo amenirudishia mkono wangu, na nimetoka mle ndani sijamwachia hata uzi."