Meno ya Rangi ya Strungi

Sisi tuliokulia Bahati, kule Nakuru, enzi zile tunajua Jumatatu ilivyokuwa ndefu. Kabla ya somo la kwanza tulipangwa mistari mbele ya bendera, tukanyoosha vidole kucha zikaguliwe, tukainamisha vichwa watafutwe chawa, kisha tukaamriwa tukenue. Mwalimu wetu wa afya, ambaye tulimwita Madam tu, alipita na rula yake akichungulia vinywa kama mnunuzi wa ng'ombe mnadani. Aliyefaulu alirudi darasani. Aliyeanguka alibaki juani, na jina lake siku hiyo lilikuwa "mchafu".

Mimi nilikuwa mchafu wa kudumu. Meno yangu yalitoka na madoa ya kahawia, rangi ileile ya strungi, ile chai isiyoonja maziwa. Madam alinigusa kidevu kwa rula, akauliza shule nzima ikisikia, "Huyu mama yake humfundisha nini?"

Swali hilo liliniuma kuliko jua. Kama kuna mwanamke aliyefundisha watoto wake kuhusu miili yao, ni mama yangu. Kila Jumamosi alituweka kwenye karai nyuma ya jikoni, akatusugua kisigino kwa jiwe huku akitutajia kiungo kwa kiungo: hapa ni kwapa, hapa ni nyuma ya goti ambako jasho hujificha, na hapa hakuna mtu wa kukugusa isipokuwa wewe mwenyewe na sabuni yako. "Mwili ni wako, si wa jirani," alisema, na ukijaribu kukimbia na povu masikioni, ulirudishwa kwa kofi la matakoni.

Kwa maji ya kunywa ndiyo usiseme. Majirani wengi walikunywa ya mtoni au yaliyotiririka kutoka kwenye mabati. Mama alisema maji ya mto ni ya ng'ombe, na ya paa ni ya ndege. Sisi tulikunywa maji ya kisima kirefu kilichochimbwa na mzungu aliyekuwa na shamba kabla baba zetu hawajagawiwa. Alipanda kilima na mtungi mgongoni, ukamba kwenye paji la uso, akapanga foleni tangu alfajiri. Yalikuwa maangavu mpaka unaona sarafu chini ya ndoo. Hata uji wetu ulipikwa kwa maji hayo, tangu tulipoachishwa ziwa.

Basi nyumba safi kama hiyo ikatoa mtoto mwenye meno kama yangu. Mama mwenyewe alizaliwa na kukulia Kinangop, mbali na kisima hicho, na meno yake yalikuwa meupe pe. Unaona mtego ulivyokaa? Wanawake kisimani walianza kunong'ona kwamba anajipigia mswaki yeye, mtoto anamwacha aoze. Mama naye akaanza kunishuku mimi.

"Wewe unanidanganya," aliniambia. "Ukifika nyuma ya nyumba unamwaga mkaa wa kusugulia na kutafuna mswaki bure."

Tangu siku hiyo alinisimamia kama askari jela. Tulianza na mkaa uliosagwa, tukaenda kwa majivu, tukaenda kwa chumvi, tukafika kwa mchanga laini wa mferejini. Nilisugua mpaka nikatema damu. Madoa yalitulia palepale kama wenye shamba. Mama alishika taya langu, akageuza uso wangu kwenye mwanga, akaguna. Sikulia kwa sababu ya fizi. Nililia kwa sababu hakuniamini.

Nilipofika darasa la nne, mtoto wa mjomba wangu, Ndung'u, akaletwa kutoka Kinangop kuishi nasi. Alipocheka kwa mara ya kwanza, nikaona meno kama mahindi mabichi. Hapo zamu ya kushuku ikawa yangu. Nilijiambia kuna dawa ambayo Mama anampa kwa siri kwa kuwa ni wa damu ya kwao. Asubuhi tatu mfululizo nilijificha nyuma ya ghala la mahindi kumchunguza. Unajua alichofanya? Alilowesha kidole kimoja, akakipitisha mdomoni, akajipangusa kwa mkono wa sweta, akaenda kuwinda panya. Basi! Mswaki wake ulikuwa haujawahi kulowa.

Nilipomwambia Mama, aliniangalia kwa huruma ya mtu anayemsikiliza mwongo. "Alikuona ukichungulia. Rudi kesho."

Kisha ikaja siku ya wazazi. Madam alitunga shairi la usafi wa mwili, beti tano, nami ndiye niliyelikariri kabla ya wote. Nililighani nikichota maji, nikilisha kuku, hata ndani ya karai. Siku moja kabla, Madam alinitoa kwenye mstari akamweka Ndung'u. "Wageni watasema nini," aliuliza, "usafi ukisemwa na mdomo kama huo?" Siku yenyewe Ndung'u alikwama ubeti wa tatu. Mimi nilikuwa nyuma yake nikimnong'oneza maneno, kiganja kikiwa mdomoni. Watu wakampigia makofi. Kiganja changu kilibaki mdomoni tangu siku hiyo, hata kwenye picha za harusi yangu.

Nilikuwa mtu mzima mwenye kazi nilipojua ukweli. Daktari wa meno mjini Nakuru alitazama mara moja tu, akaniuliza nilikunywa maji ya wapi nikiwa mdogo. Akanieleza kwamba visima vingi virefu vya huku Bonde la Ufa vina madini yanayolitia doa jino likiwa bado ndani ya fizi, kabla halijaota. Mswaki hauna kosa. Mtu aliyekulia kwingine hata ayanywe ukubwani, meno yake hayabadiliki.

Nilikimbilia Bahati kwa Mama kama mfungwa aliyeachiliwa. Mama alisikiliza mpaka mwisho. Hakusema "pole". Alitazama mikono yake, akasema, "Hayo maji nilikuwa nabeba mimi mwenyewe."

Sasa naishi mtaa wa Free Area, Nakuru, na binti yangu Nyambura, wa gredi ya kwanza, na nakiri kwamba sina imani na tone lolote. Nakinga mvua kwenye tangi. Mwenye mkokoteni wa maji akipita kiangazi akaniambia, "Mathe, hii maji ni ya mvua," namuuliza, "Mvua gani, na jua lote hili?" Kila jino jipya la Nyambura nalimulika kwa tochi ya simu. Watoto wa siku hizi wana dawa ya meno yenye ladha ya stroberi, na wanaila kuliko wanavyoitumia, kwa hiyo hata hiyo naipima mimi.

Juzi akarudi kutoka shuleni akiimba wimbo wa meno ya brown ya mtu asiyepiga mswaki. Akanyamaza, akanitazama mdomoni. "Mum, wewe hupigi mswaki?"

Kesho yake asubuhi nilikuwa mlangoni mwa darasa, maneno yameshika foleni kooni. Mwalimu alikuwa msichana mdogo tu. Alinisalimia, akacheka kidogo, na akicheka akaweka kiganja mdomoni. Hasira yote ikanitoka. Kiganja kile nakijua.

"Mwalimu, ulikulia wapi?"

"Elementaita. Kwa nini?"

"Maji yenu yalikuwa ya kisima cha pampu?"

Nilimweleza yote tukiwa tumesimama pale, watoto wakipiga kelele ndani. Alitoa kiganja polepole. "Mathe alikuwa ananichapa kwa hii meno," alisema. "Alikuwa anasema mimi ni mvivu."

"Mama yako bado yuko?"

"Yuko."

"Basi mpigie umwambie hukuwa mvivu."

Alasiri nilipanda kwenda Bahati kumpelekea Mama hadithi hiyo, nikidhani atafurahi. Enzi zetu hatukuwa na simu wala daktari wa kutuambia lolote, tukatiliana shaka nyumba nzima, lakini angalau Mama alilala akijua amenipa maji bora kuliko ya wote. Leo kila kitu kinajulikana, kiko kwenye simu ya kila mtoto, na bado wimbo ni uleule wa Madam.

Mama alisikiliza akichambua maharagwe. Mwishowe akasema, "Huyo mwalimu afundishe watoto ukweli. Ni vizuri. Lakini asimwambie mama yake. Huyo mama amechoka, wamwache na maji yake."

Niliinamia ungo, nikachambua naye. Asubuhi ile mwalimu alikuwa tayari amempigia mama yake mbele yangu, na ni mimi niliyemwangalizia watoto darasani akiongea.