Jinsi Tulivyopimwa, Sisi wa Dawa ya Magugu

Siku ya kwanza kazini nilipewa pampu ya kubeba mgongoni, gambuti zilizonizidi mguu, na maneno matatu: "Upepo uwe mgongoni." Aliyeniambia hayo ni nyapara wetu, Mzee Musyoka, mtu wa Kitui, mrefu na mpole. Nilikuwa na miaka kumi na minane. Masomo yangu yaliishia darasa la nane, na kwa kuwa nilikuwa mtu wa aibu, wenzangu waliniita Bubu.

Kampuni yetu ilikuwa ndogo. Ilinyunyizia dawa ya kuua magugu katika mitaa ya Eastlands: kando ya nyua, kwenye mitaro, viwanja vya mpira, na nyuma ya maghala upande wa Mukuru kwa Njenga. Vijana wanaoanza leo huogopa kunyunyiza, lakini saa ya kuogopa zaidi ni ya kuchanganya, kwa maana dawa iliyo chupani bado ni kali, haijapata maji. Nyapara alitufundisha kutanguliza maji, kisha dawa, kisha maji tena, ili isituruke usoni.

Alinifundisha pia kuzibua nozeli. Nozeli ni kile kipua kidogo kilicho mwisho wa mrija, kinachofanya dawa itoke kama ukungu. Maji yetu yalikuwa na mchanga, kwa hiyo iliziba kila mara. Unaifungua, unaitia mdomoni, unapuliza.

"Usichokoe na waya," aliniambia. "Waya unapanua tundu, dawa inamwagika ovyo. Mdomo hauharibu kitu."

Nilifanya hivyo kwa miaka minane. Nilimpenda mzee huyo. Nilipougua malaria alifunika pampu yangu kwa gunia ili asipewe mtu mwingine kazi yangu.

Kisha tukaambiwa kwamba maafisa wa afya watakuja kutathmini hatari ya saratani kwa wanaonyunyiza dawa. Mkurugenzi alikuja mwenyewe, akamwambia nyapara mbele yetu, "Likitokea neno baya, wewe ndiye wa kwanza kwenda nyumbani." Mzee alikuwa amebakisha mwaka mmoja tu astaafu kwa heshima.

Hakutuomba tuseme uongo. Alisema tu, "Wageni wanakuja. Mtu hapokei wageni na matope." Basi tukafua ovaroli, tukaoga vizuri, tukagawiwa glavu na barakoa mpya, na kwa siku mbili hatukushika dawa. Kwetu sisi hiyo ilikuwa adabu. Hatukujua kwamba mtu anayepimwa akiwa msafi hivyo, kipimo chake kinasema habari za mtu mwingine.

Afisa aliyekuja tulimwita Daktari. Alikuwa mama wa makamo, mwenye fomu nyingi na sauti ya chini. Aliuliza, "Huvaa glavu lini?" Sote tukajibu kila siku. Wafula, mcheshi wetu, akasema, "Hata nikilala, Daktari." Tukacheka, naye akaandika.

Baadaye akataka kuona kazi. "Leo tieni maji matupu," akasema, "lakini fanyeni kila kitu kama siku zote." Nilichaguliwa mimi. Nilitembea hatua kama ishirini, nozeli ikaziba. Mikono yangu ilitangulia akili. Nikavua glavu, nikashusha barakoa, nikaitia nozeli mdomoni, nikapuliza.

Wafula akanong'ona, "Leo Bubu ameongea."

Daktari akanisogelea. "Hilo halimo kwenye fomu yangu. Hufanya hivyo mara ngapi kwa siku?"

Nilimtazama nyapara. Nilijua jibu la kweli lingemfukuzisha kazi. Nikasema, "Ni leo tu, Daktari. Nimejisahau."

"Kijana anaona haya," Mzee Musyoka akasema. Alivua kofia yake. "Ni kila mara inapoziba. Mimi ndiye niliyemfundisha. Nami nilifundishwa vivyo hivyo."

Daktari hakugomba. Aliweka kando fomu zote tulizojaza, akatoa mpya, akaketi nasi juu ya mitungi. Hapo ndipo nilipofahamu kazi yake. Alisema kati ya wataalamu wakubwa wako wanaouliza swali moja tu: je, dawa hii ina uwezo wa kuleta saratani? Hao husoma habari za panya waliolishwa dawa, na za wakulima waliofuatiliwa miaka mingi. Wengine huuliza swali la pili: kwa kiasi anachokipata mtu kazini au mezani, kuna uwezekano gani wa kudhurika? Ndiyo maana wakubwa hao wanaweza kutoa majibu yasiyofanana juu ya chupa ile ile.

"Chukueni mbwa wa ghala," akasema. "Swali la kwanza ni kama ana meno. La pili ni kama amefungwa, na nyinyi mnapita karibu naye mara ngapi. Sasa nyinyi mmekuwa mkimtia mkono mdomoni."

"Sisi ndio tumemtia mdomoni mwetu, Daktari," Wafula akasema.

Nyapara akauliza polepole, "Kwa hiyo mimi nina saratani au sina?"

"Sijui, mzee. Kipimo hiki hakisemi nani ataugua. Kinasema dawa kiasi gani inawafikia. Ukinificha, nitawaambia wengine wako salama kwa jambo nisilolijua."

Kupuliza kulikoma siku ile ile. Tukapewa miswaki ya kusugulia nozeli. Siku zilizofuata tulinyunyiza dawa yenyewe kama kawaida, tukatoa mkojo kwenye vichupa vya Daktari jioni na asubuhi. Dawa ilionekana kwenye mkojo wetu sote. Yaliyopita, Daktari alisema, yatahesabiwa kwa kukumbuka.

Mzee Musyoka alitumwa nyumbani kabla mwezi haujaisha. Nilikwenda kwake Dandora na fomu ya pili, ile ya kukumbuka yaliyopita, kwa sababu macho yake hayaoni vizuri. Swali la mwisho lilikuwa: umewafundisha watu wangapi? Palikuwa na kisanduku kidogo.

"Wanataka namba tu, mzee."

"Namba ukiiita haiitiki," akasema. "Andika majina."

Mimi huandika polepole, naye hakunihimiza. Aliwataja tangu mchana hadi chai. Karatasi ikajaa, nikaigeuza.

Watu hucheka nikisema nimestaafu, maana nina miaka ishirini na saba. Lakini pampu nimeiweka chini. Siku hizi nafyeka nyasi kwa mkono, na siku za mapumziko natafuta majina yale, ili wenyewe wakipenda niwapeleke kwa Daktari. Kazi ile siichukii. Ilinipa chakula na watu wema, na watu wema nao hufundishana makosa.

Wengi hukataa. Husema wao ni wazima. Juzi nilimpata mmoja Kiamaiko, anachuna mbuzi. Nilimweleza yote, huku nikisitasita. Akaendelea kuchuna.

"Nani kakutuma?"

"Mzee Musyoka."

Kisu kikatulia. "Yeye mwenyewe ameshapimwa?"

"Ndiye aliyekuwa wa kwanza."

Akaangika kisu ukutani. "Basi ngoja ninawe."