Waliomaliza Mafua

Siku za korona nilimsikia mtu akipiga simu redioni: je, aliyeugua mafua ya kawaida mara nyingi amekingwa? Daktari akajibu kwa tahadhari: huenda yakasaidia kidogo, huenda yasisaidie, bado wanachunguza. Nilizima redio. Nyumbani kwetu, karibu na Ikonge, swali hilo tulilijibu miaka ya tisini, tena bila chembe ya shaka.

Tulikuwa wachuma chai. Majani yakishachipua hayangoji mtu apone, kwa hiyo mama alikuwa na utaratibu wake: mtoto akianza kupiga chafya, anahamia kwa Magokoro, yaani nyanya, mama yake baba, ambaye nyumba yake ilikuwa hapo chini ya migomba. Wazee, mama alisema, wameshamaliza mafua yote. Magokoro mwenyewe alijivunia cheo hicho. "Leteni wagonjwa wenu," alizoea kusema, "mafua ya nchi hii yote yananijua." Alitunywesha uji wa wimbi kwa kikombe chake, akamalizia tulichobakisha, na kesho yake yuko kwenye chai kabla umande haujakauka.

Likizo moja nilirudi kutoka shule ya bweni na kikohozi nisichokielewa. Makamasi sikuwa nayo. Nilikuwa na homa kali, na mifupa iliniuma kama niliyepigwa. Mama aliniangalia, akamwangalia mtoto mchanga aliyembeba mgongoni, akanyoosha kidole kuelekea migombani.

"Nenda kwa nyanyako."

Siku ya tano nikapona. Siku ya sita asubuhi Magokoro hakuamka kuwasha moto. Nilidhani anadeka, nikamtania, "Magokoro, leo mafua yamekusahau?" Hakucheka. Midomo yake ilikuwa imebadilika rangi, na kila pumzi aliiomba kama anayemwomba chumvi jirani aliyekosana naye. Nilishtuka hata nikamwaga maji niliyoyashika. Sikuwahi kumwona mwanamke huyo akishindwa na kitu.

Baba na majirani walimbeba hadi zahanati. Tabibu wa pale akamsikiliza kifua, akauliza nani mwingine nyumbani aliugua. Nikasema ni mimi, lakini yalikuwa mafua tu, na yeye mafua ameyamaliza.

"Amemaliza yale anayoyajua," akasema. "Haya ni mageni kwake."

Alifariki kabla ya Sabato. Waombolezaji wakasema ni uzee. Uzee! Wiki iliyotangulia alikuwa amebeba kikapu cha majani hadi kituo cha kuuzia chai, akitukaripia tuliobaki nyuma. Nilikasirika, kisha nikaona aibu, kwa kuwa aliyemwambukiza nilimjua.

Baada ya mazishi nilimkuta mama jikoni akimenya ndizi. Nikamwambia, "Mama, nimemuua Magokoro."

Aliweka kisu chini. Hakunitazama.

"Siku ya pili ulipokuwa kwake, alikuja hapa mlangoni," akasema. "Akaniambia kikohozi chako ni kigeni, kinamtisha, nikuchukue. Nikamcheka. Nikamwuliza, 'Mama, na wewe siku hizi unaogopa mafua?'"

Nikauliza, "Magokoro alijibu nini?"

"Alisema uji wako utaungua, akarudi kwake."